Engaruka: shamba la mawe chini ya ukuta wa Bonde la Ufa

Engaruka haikuwa mji. Naanza hapo kwa sababu kila ninapolitaja jina hili, iwe kwa kondakta wa basi la Arusha au kwa rafiki aliyesoma historia hadi chuo kikuu, jibu linalotangulia ni lile lile: "Ah, ule mji uliopotea!" Ukishaambiwa mji, akili inakwenda Kilwa Kisiwani au Gedi, unatazamia matao, misikiti na makaburi yenye nguzo. Ukifika Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, unakuta mawe yaliyopangwa chini, mistari kwa mistari, mingi haipiti magoti, inakatizana katikati ya migunga mpaka macho yanachoka kuifuata. Wageni wengi hupiga picha mbili tatu kisha wanaendelea na safari yao ya Ziwa Natron. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wamesimama shambani.

Ni shamba. Watafiti wanalikadiria kuwa na hekta 2,000 hivi, yaani kilomita za mraba 20, za ardhi iliyogawanywa kwa kuta za mawe na kunyweshwa kwa mifereji. Juu yake, kwenye mteremko, vilikuwapo vijiji saba vya watu waliolilima. Lilianza katika karne ya 14 au ya 15 na likalimwa hadi karne ya 18. Kati ya mashamba ya umwagiliaji yaliyoachwa Afrika kusini mwa Sahara, hili ndilo linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote. Nalo limejengwa na watu wasioacha jina la mfalme hata mmoja.

Nilifika huko kwa sababu ya mjomba wangu. Alitoka Uchagani akiwa kijana, kihamba cha babu kilikuwa kimeshagawanywa mpaka kila ndugu akabaki na vipande vya kufugia kuku, akasikia kwamba huko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna maji na udongo mzuri. Akaenda, akapewa sehemu, akaoa, hajarudi. Mtu aliyekulia kwenye mifongo ya Kilimanjaro hakuhitaji kufundishwa mfereji ni nini. Alichojifunza Engaruka ni jua, maana jua la kule si la mgombani.

Ukitoka Makuyuni kwa barabara ya Ngorongoro unafika Mto wa Mbu, na hapo njia ya Engaruka inakunja kulia, kaskazini, kupitia Selela. Kwa miaka mingi hii ilikuwa barabara ya vumbi tupu, na wanaoijua wanajua vumbi ninalolisema, lile laini la majivu ya volkano linaloingia hadi ndani ya begi lililofungwa. Kushoto kwako muda wote ni ukuta wa Bonde la Ufa, umesimama wima kabisa. Kulia ni tambarare kavu, na mbali kidogo mlima Kitumbeine. Mbele ni Kerimasi, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai, volkano iliyo hai ambayo lava yake ni ya namna ya pekee duniani: nyeusi ikitoka, inageuka nyeupe baada ya muda mfupi, na ndani yake mna magadi. Lengai ilipolipuka mwaka 2007, baada ya matetemeko ya Julai mwaka huo, majivu yaliangukia malisho ya vijiji vya jirani, na wafugaji wakahama na mifugo yao.

Mvua ya Engaruka haitoshi. Tambarare hii hupata chini ya milimita 500 kwa mwaka, na hizo zenyewe haziji kwa utaratibu. Mahindi yanataka zaidi ya hapo, migomba ndiyo usiseme. Kwa mvua ya pale peke yake ungefuga mbuzi na ng'ombe, ukahama nao. Ila juu ya ukuta, huko magharibi, ziko nyanda za juu za Ngorongoro, zenye kreta ya Empakaai na kilele cha Loolmalasin kinachozidi mita 3,600. Mawingu yanayotoka upande wa Bahari ya Hindi yanajigonga huko juu, misitu inakamata mvua na ukungu, na maji yanashuka kwenye makorongo. Makorongo mengi hukauka masika yakiisha. Mto Engaruka haukauki. Unatokeza kwenye ufa wa ukuta, unaingia tambarare, na baada ya mwendo si mrefu unanyonywa na ardhi, kwa sababu bonde hili halina njia ya kutokea. Hakuna tone la Engaruka linalofika baharini. Linalokosa kuingia shambani linaishia kwenye magadi.

Kwa hiyo mkulima ana sehemu nyembamba tu ya kufanyia kazi, kati ya mdomo wa korongo na mahali mto unapotoweka. Anayetaka kulima pale lazima auchukue mto ukiwa bado juu, auzungushe chini ya mlima, audondoshe taratibu. Watu wa zamani walifanya hivyo, mjomba na majirani zake wanafanya hivyo leo, na ndiyo maana siwezi kuwatenganisha.

Mifereji mikuu ya zamani ilitolewa mtoni karibu na mdomo wa korongo, ikapitishwa pembeni mwa mlima chini kidogo ya vijiji, halafu matawi yakashuka mashambani. Kingo zilijengwa kwa mawe. Na mashamba yenyewe si maeneo makubwa ya wazi. Ni vipande vidogo, kila kimoja kimezungushiwa mstari wa mawe na kusawazishwa, hiki chini kidogo ya kile, ili maji yakishiba kipande cha juu yaingie cha chini bila kuchimba mtaro wa mmomonyoko. Mawe yaliyong'olewa kusafisha udongo hayakutupwa ovyo. Mengine yalijenga kuta, yaliyobaki yakarundikwa katika malundo, na baadhi ya malundo hayo yamepangwa kwa nje vizuri sana, mawe yamechaguliwa nyuso zake, kana kwamba aliyepanga alijua yatatazamwa. Mimi hapo ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko pote. Lundo la mawe yasiyotakiwa, katikati ya shamba, na mtu akalipanga vizuri.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni la tope. Wachimbaji wa miaka ya karibuni, hasa Daryl Stump, walipasua udongo wa baadhi ya mashamba haya wakatazama tabaka zake, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya udongo huo haikuwapo mwanzoni. Ililetwa na maji. Watu walijenga mstari wa mawe, wakaelekeza maji ya mafuriko yenye tope, maji yakapungua kasi, tope likatua. Udongo ulipofika juu ya mstari, wakaongeza safu nyingine ya mawe juu yake, tope likatua tena. Mwaka kwa mwaka, tabaka kwa tabaka, shamba likapanda. Hapo awali wengi walidhani mto ulikuwa wa kumwagilia tu. Kumbe ulikuwa pia ndio uliobeba shamba lenyewe na kulileta.

Nilipomweleza mjomba habari hiyo nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo. Tulikuwa kwenye mfereji, usiku, zamu yake ilikuwa imefika, ana jembe begani na tochi ya simu mdomoni. Lango lenyewe si kitu cha kutisha, ni mahali kwenye ukingo wa mfereji panapozibwa kwa udongo, mawe na vipande vya shina la mgomba. Akavuta kile kipande cha mgomba, akachota udongo kwa jembe mara mbili, maji yakaingia. Yalikuwa machafu, mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani mchana wake. Nikauliza kama si vizuri kungoja yatulie kwanza.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu na yeye huniita hivyo hivyo, "maji meupe yananywesha tu. Haya yanalisha."

Kisha akawa anatembea na maji, hatua kwa hatua, akizuia hapa kwa mguu, akifungua pale kwa ncha ya jembe, akiyasikiliza. Maji yakiingia kwenye udongo mkavu yana sauti yake, na udongo ukishashiba sauti hubadilika. Kwa sauti hiyo alijua ni wakati wa kuhamia tuta linalofuata bila kumulika. Sikuwahi kusoma popote kuhusu kumwagilia kwa masikio, na nadhani watu wa karne ya 16, wasio na tochi, walilijua hilo kuliko sisi sote.

Turudi kwa watu wa mteremkoni. Nyumba zao zilijengwa juu ya majukwaa: mlima ulikatwa, ukuta wa mawe ukainuliwa upande wa chini, nyuma yake pakajazwa mpaka pakapatikana uwanja mdogo ulio sawa wa kusimamisha nyumba ya miti na nyasi. Miti na nyasi vimekwisha zamani, majukwaa yapo, mamia kwa mamia, yanapanda mlima kama ngazi. Watu walikaa mlimani ili ardhi ya kulima isiliwe na nyumba. Ni hesabu rahisi, lakini tazama vijiji vyetu vya leo vinavyojengwa kwenye udongo mzuri kuliko wote na uniambie ni nani anayeifanya.

Walilima mtama, mbegu zake zilizoungua zimepatikana kwenye uchimbaji. Walifuga pia: mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo imeonekana, pamoja na mazizi ya mawe. Ardhi yote iliyo karibu ilikuwa shamba, kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba ng'ombe hawakuachwa kuzurura. Walilishwa zizini na samadi ikapelekwa shambani. Msomaji wa Kanda ya Ziwa atakumbuka kisiwa cha Ukara, ambako Wakara wamefanya hivyo hivyo kwa vizazi, ng'ombe ndani, majani yanakatwa na kuletewa, samadi inahesabiwa kama mali. Upareni waliziba maji kwenye ndiva wakayatoa kwa zamu. Uchagani mifongo ilizunguka mlima mzima. Ng'ambo ya mpaka, Wamarakwet wametundika mifereji kwenye ukuta wa bonde la Kerio, na bado inatiririsha maji. Engaruka haikuwa kisiwa cha maajabu katikati ya watu wasiojua kitu. Ilikuwa mojawapo ya mahali pengi ambapo Mwafrika wa bara alilima kwa akili na kwa nguvu nyingi kwenye ardhi ndogo. Tofauti ni kwamba hapa kazi yake ilijengwa kwa mawe, watu wakaondoka, na hakuna aliyekuja juu yake na trekta.

Habari za mahali hapa zilivyoingia kwenye karatasi zina mkondo wake. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani iliyotoka Pangani kwenda Umasaini ilikuwa ikipita ukanda huu wa bonde kutafuta pembe za ndovu, na mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alipita kwa kufuata njia hizo hizo, akiwa na wapagazi wa Pwani, akaandika juu ya mawe aliyoyaona. Huwa wanasema "aligundua". Wapagazi wake walikuwa wakitembea mbele yake. Baadaye alikuja Hans Reck, mtafiti wa Kijerumani aliyechimba pia Olduvai, mwaka 1913. Mwaka 1935 alifika mwanaakiolojia Louis Leakey, akahesabu majukwaa ya nyumba, akakadiria kwamba hapa waliishi watu 30,000 hadi 40,000. Hapo ndipo "mji" ulipozaliwa. Tarakimu hiyo ilisafiri kuliko kitu kingine chochote kuhusu Engaruka, na hadi leo utaisikia.

Ina kasoro moja kubwa. Inachukulia kwamba majukwaa yote yalikaliwa kwa wakati mmoja. Mahali palipotumika kwa karne tatu au zaidi, nyumba inajengwa, inabomoka, mtoto anaoa na kujenga pembeni, kaya inahama kwenda jukwaa jipya. Ukihesabu vyote kwa pamoja ni sawa na kuhesabu makaburi ya kijiji ukasema ndio watu wanaoishi. Hamo Sassoon, aliyechimba hapa mwaka 1964 na 1966 kwa upande wa Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kwenda Fort Jesus kule Mombasa, na John Sutton aliyemfuata, walitupatia picha yenye kiasi zaidi: maelfu machache ya watu kwa wakati mmoja, wakulima, katika jamii ambayo hakuna dalili ya jumba la mtawala. Mashamba nayo hayakujengwa kwa mpigo mmoja. Yaliongezwa kidogo kidogo, sehemu nyingine zikaachwa wakati nyingine zikianzwa.

Kwangu mimi hiyo picha ndogo ndiyo kubwa. Mfalme mwenye askari akilazimisha watu 40,000 wapange mawe, hilo tumeshalisikia mahali pengi. Lakini maelfu machache ya wakulima, bila mfalme, wakakubaliana kizazi hadi kizazi nani afungue maji lini, nani atengeneze mfereji ukibomoka, wa chini apate wakati wa juu hajashiba? Hilo ni jambo gumu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kamati ya maji anaelewa ninachosema.

Walikuwa akina nani? Majibu ni mawili hasa. Wako wanaowahusisha na Wairaqw, ambao leo wako Mbulu na Karatu na ambao kilimo chao cha matuta na samadi kinajulikana. Wengine, na mimi huegemea huku, wanatazama kaskazini kwa Wasonjo, wanaojiita Batemi, wanaokaa kwenye vijiji vya Sale, Digodigo na Samunge. Samunge ni ile ile ya Babu wa Loliondo, ambako mwaka 2011 nusu ya Tanzania ilikwenda kunywa kikombe. Maelfu waliopanga foleni kule walipita kando ya mifereji ya Wasonjo, kazi ya kale inayoendelea hadi leo, wengi wao bila kuitazama. Kwa Wasonjo maji yalikuwa ndiyo utawala. Wazee wa baraza waliorithi nafasi zao ndio waliogawa zamu, na asiyekuwa na zamu alilazimika kuomba kwa mwenye nayo. Vijiji vyao navyo vilikaa juu mteremkoni, mashamba chini. Ukitoka Engaruka ukafika Sonjo unaona mambo mengi unayoyajua.

Na kwa nini waliondoka? Watu wanapenda jibu moja. Vita, wanasema, Wamasai. Kweli Wamasai walienea katika bonde hili karne ya 18 na ya 19, na waliwasukuma wengine, kama Wadatoga waliotolewa Ngorongoro na ambao hadi leo wana kaburi takatifu ndani ya kreta. Lakini Engaruka ilikuwa na sababu za ndani pia. Makorongo madogo ambayo zamani yalilisha sehemu za mashamba siku hizi hayana maji ya kudumu, na tope lililotuama chini ya ziwa la Empakaai linaonyesha kwamba mvua za nyanda hizi zimekuwa zikipanda na kushuka sana kwa karne nyingi. Maji yakipungua, mashamba ya mbali na mto yanakufa kwanza, watu wake wanajibana kwa wenzao au wanahama. Ongeza hatari ya kuvamiwa, ongeza udongo uliolimwa bila kupumzika. Hakuna haja ya kuwafanya watu wapotee kwa siku moja. Wakulima huondoka kaya kwa kaya, wakifuata ndugu waliotangulia, kama mjomba wangu alivyoondoka Uchagani.

Mahali penyewe hapakukaa bila watu. Wamasai walichunga hapa na kunywesha mifugo mtoni, na katika karne ya 20 wakulima waliongezeka, wengine Wamasai na Waarusha walioshika jembe, wengine waliokuja kutoka Mbulu, Uchagani na kwingineko. Miaka ya 1970 Operesheni Imparnati ilileta vijiji vya kudumu Umasaini, ndugu yake Operesheni Vijiji tunayoikumbuka kwingine nchini. Leo kuna Engaruka Juu, karibu na ukuta na mdomo wa mto, na Engaruka Chini, kuelekea tambarare. Wilaya ni Monduli. Wengi ni Wamasai. Wanalima mahindi, maharage na ndizi, na siku ya mnada ukija utasikia lugha tano sita zikishindana na Kiswahili.

Maji yanagawanywa na kamati. Mwenye shamba hujiandikisha, anapewa zamu yake, mchana au usiku, na wakati wa kiangazi kikali zamu hupishana siku nyingi hadi mahindi yakaanza kukunja majani. Mtu akifungua maji nje ya zamu yake anatozwa faini, na kuna ugomvi wa maji unaodumu kuliko ndoa. Kila msimu watu wanaitwa kusafisha mifereji na kukarabati banio, kile kizuizi kinachogeuzia maji ya mto mferejini, mafuriko yakishalichukua. Asiyekuja analipa. Hiyo ndiyo serikali ya Engaruka inayomgusa mtu kila wiki.

Nina neno hapa ambalo niliahidi wake wa wajomba zangu kwamba nitaliandika. Shambani wanawake wa Engaruka ndio wanaopanda, wanaopalilia, wanaovuna, mara nyingi ndio wanaouza. Lakini kufungua na kugawa maji kumeachwa kwa desturi kuwa kazi ya wanaume. Mjane au mwanamke ambaye mumewe yuko mbali na ng'ombe anapofika kwenye zamu yake, anahitaji mtoto wa kiume, shemeji au kibarua wa kumlipa. Zamu ikiangukia saa nane ya usiku ugumu unaongezeka. Wengi wanamudu, tena vizuri, kwa kusaidiana na kwa kujua nani wa kumwomba. Mimi naona si haki mtu alime mwaka mzima halafu mlango wa maji uwe wa mwingine, na ningependa kamati ziwe na wanawake wenye sauti ya kuamua zamu, wasiwe wa kujaza idadi tu.

Mawe ya zamani nayo yako katikati ya maisha haya. Eneo ni la hifadhi ya Mambo ya Kale, na tangu mwaka 2018 limo katika hifadhi ya jiolojia ya Ngorongoro-Lengai inayotambuliwa na UNESCO. Lakini ng'ombe hawasomi vibao. Wanapita kwenye kuta, mawe yanaanguka, na mahali fulani mtu anayehitaji msingi wa nyumba anaona mawe yaliyochongwa na Mungu na kupangwa na watu asiowajua. Siwalaumu kama wengine wanavyowalaumu. Hawajawahi kuelezwa kwa lugha yao kwamba ule ukuta ni wa mkulima mwenzao. Wameelezwa kuwa ni "kivutio".

Na sasa kuna magadi. Chini ya tambarare ya Engaruka yamegunduliwa maji mengi yenye magadi, na Shirika la Maendeleo la Taifa lina mpango wa kuyachimba kwa ajili ya magadi soda, malighafi ya kioo, sabuni na vitu vingine vingi ambavyo nchi inaagiza kutoka nje. Sina chuki na kiwanda. Vijana wa Engaruka wanataka ajira, na ni haki yao. Ninachotaka kuona mezani kabla ya mashine ni hesabu ya maji baridi: kiwanda, wafanyakazi wake na mji utakaoota pembeni vitakunywa nini, kutoka wapi, na zamu ya nani itapunguzwa. Mto ni mmoja. Wakulima wa Engaruka Chini tayari wanajua maana ya kukaa mwisho wa mfereji. Kamati za maji za vijiji zikae kwenye vikao hivyo tangu mwanzo, zikiwa na daftari zao za zamu, kwa sababu takwimu za kiangazi ziko humo kuliko ofisini.

Kuhusu wageni, nina pendekezo ambalo nimeshawapelekea waongozaji wawili wa pale na wote walicheka kisha wakakubali. Ziara ya magofu isianzie kwenye magofu. Ianzie kwenye banio, mahali mto unapotolewa leo. Kibao cha kwanza kiwekwe hapo, kwa Kiswahili na Kimasai kabla ya Kiingereza. Mgeni ateremke na mfereji wa sasa, apite katikati ya migomba na mahindi, akutane na mtu mwenye jembe anayengoja zamu, amsalimie, aone lango linavyozibwa. Kisha avuke aingie kwenye mifereji ya mawe iliyokauka. Mwongozaji hatahitaji kueleza sana. Na sehemu ya kiingilio irudi kwenye saruji ya kukarabati banio.